Kiunganishi cha Basotu

Jumapili, 2 Machi

Leo nimeongea na watu wawili, na mmoja wao alikuwa kwenye simu. Ndiyo maana naanza kuandika.

Nimepanga chumba nyuma ya nyumba ya mzee Wolfgang. Zamani alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano. Mke wake alifariki, watoto wako mbali, na yeye si mtu wa maneno mengi. Amenionyesha choo, bomba na mahali pa kuanika nguo, kisha akarudi ndani.

Mimi na Clement tuna kampuni ndogo Arusha. Tumepewa kazi ya kutengeneza programu ya kliniki ya wajawazito kwa zahanati za Basotu, Nangwa na Gitting. Mama akiandikwa sehemu moja, aonekane kote. Databezi imekaa kwenye seva Katesh. Kilichobaki ni swali ambalo kwa mtu wa nje ni dogo: programu iliyo kwenye laptop ya nesi itaongeaje na hiyo databezi ya Katesh? Mmoja wetu alitakiwa akae huku masika yote aone mambo yanavyokwenda. Mke wa Clement amejifungua juzi. Nimekuja mimi.

Leo ni Ramadhani ya kwanza. Nimefuturu tende na chai, nimekaa kitandani. Mvua ilipiga bati mpaka sikusikia adhana, nikafuturu kwa kuangalia saa ya simu. Nyumbani Dongobesh saa hizi wanagombania sambusa.

Jumanne, 4 Machi

Zahanati. Nesi anaitwa Imakulata, mama wa makamo, mrefu, sauti ya chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndiyo mama. Naitwa Hadiya."

"Meza ni ile pale."

Basi. Sikusikia neno jingine mpaka mchana. Na wenzake anaongea Kiiraqw, na akina mama wengine wanaongea Kidatoga. Mimi nakaa pembeni na nyaya zangu kama mgeni wa msiba ambaye hakumjua marehemu.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Hakuna umeme. Hakuna kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimebishana na Clement kwenye simu, lakini kwa upole, kama kawaida yetu. Yeye anataka JDBC, yaani draiva inayoishika databezi moja kwa moja. Nesi akibonyeza, programu inafungua njia mpaka Katesh, inauliza, inajibiwa, kwisha. Ni nyepesi na ya haraka, na ameitumia miaka mingi bila shida. Mimi nafikiria kila laptop iwe na databezi yake ndogo ndani, SQLite, nesi aandike humo hata kukiwa hakuna mtandao, na mtandao ukirudi zibadilishane habari na seva.

"Hiyo ni kazi mara tatu," alisema. "Na utakuwa na nakala za habari za watu kila kona. Laptop ikiibiwa je?"

Clement ndiye aliyenifundisha nusu ya ninachokijua. Nikasema sawa, JDBC.

Jumatatu, 10 Machi

Leo imefanya kazi, tena vizuri.

Alikuja mama mmoja, Monica, mke wa mfugaji anaitwa Gidabuday. Mimba ya tatu, miezi minane kasoro. Alikuwa anakaa kwa mama yake Nangwa na kliniki alianzia huko. Kiswahili chake ni cha kuokota, wifi yake ndiye anayemtafsiria. Alikuwa amesahau kadi ya kliniki, akawa anaomba radhi huku ameinamisha kichwa kama mtoto wa shule.

Nikamwambia Imakulata aandike jina. Akaandika kwa kidole kimoja. Habari zote za Nangwa zikaja hapo hapo: uzito, presha, damu, kila kitu. Nilifurahi mpaka nikasahau adabu, nikaongea kabla ya nesi.

"Mwambie asijali kadi," nilimwambia wifi. "Sasa hata akiiacha nyumbani, yeye yupo humu."

Monica alitazama kioo cha laptop, akacheka kwa kuziba mdomo na kiganja. Imakulata akasema, "Sawa," akaita mwingine.

Nilirudi nyumbani nikitamani mtu wa kumsimulia. Nilimkuta mzee Wolfgang anachambua maharage. Nikamwambia programu imeshika. Akasema, "Vizuri," akaendelea na maharage.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua kubwa. Mnara wa simu ulikata katikati ya kliniki. Programu ikaganda, kile kiduara kinazunguka tu, na benchi limejaa akina mama. Imakulata aliusogeza mkono wangu kwa upole, akafunga laptop, akatoa rejista ya karatasi.

Clement anasema niongeze muda wa kusubiri kwenye draiva, na programu ijaribu tena yenyewe ikikatika. Nimefanya. Sasa inaganda kwa muda mrefu zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Imekatika tena.

Jumatatu, 17 Machi

Imeshika siku nzima. Imakulata hakuifungua. Nilimuuliza kwa nini.

"Naifungua ikiwa na uhakika," alisema.

Nilikasirika. Nilimwona kama watu wengine wasiotaka kubadilika, wanaosubiri mradi uishe ili kila kitu kirudi kilivyokuwa. Nimeandika hivyo hivyo kwenye ujumbe kwa Clement. Akanitumia picha ya mtoto wake amelala.

Alhamisi, 20 Machi

Hamna jipya. Funga inakwenda. Nimegundua leo sijasikia mtu akiniita jina langu tangu niongee na mama Jumapili.

Ijumaa, 28 Machi

Jana sikuweza kuandika. Naandika leo mchana.

Monica aliletwa zahanati jana saa tisa alasiri na wifi yake. Uchungu ulikuwa umeanza, na alikuwa anatoka damu kidogo. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, mnara umekufa, simu hazina hata alama moja. Gidabuday alikuwa na ng'ombe, wamemtumia mtu.

Imakulata alivaa glovu. Kisha akasimama.

"Kadi iko wapi?"

Wifi akajibu kwamba kadi iko Nangwa. Monica alikuwa amerudi kwa mama yake wiki iliyopita, wakampeleka Katesh kupimwa utrasaundi, majibu yakaandikwa kliniki ya Nangwa. Kadi akaiacha huko. Akaongeza bila ubaya wowote, akininyooshea kidole: "Dada alisema yupo humo."

"Walisema nini Katesh?" Imakulata aliuliza.

Wifi akamuuliza Monica kwa Kidatoga. Monica alijibu maneno machache. "Walimwambia asibebe maji. Zaidi hajui."

Imakulata alivua glovu. Akanigeukia. "Fungua."

Nilifungua. Kiduara kikazunguka. Nikaizima, nikaiwasha. Kiduara. Majibu yalikuwa yameandikwa tangu wiki iliyopita, na katikati hapo mtandao ulikuwepo siku nzima, mara nyingi tu. Yangeweza kuwa yamelala ndani ya laptop ile yakitusubiri. Lakini draiva haiweki kitu. Inauliza Katesh, na Katesh ilikuwa haipo.

"Mama, unafikiri nini?" nilimuuliza.

"Nafikiri kondo la nyuma limekaa chini. Kama ndivyo, nikimpima kwa mkono naweza kumuua. Kama sivyo, namsumbua kwa safari ya bure kwenye barabara hii." Aliongea taratibu, kama anaongea na Monica na si mimi. "Nahitaji kujua, na nahitaji gari."

Nilikimbia nyumbani. Mzee Wolfgang ana pikipiki ya zamani. Sikumaliza hata kueleza, alikuwa ameshavaa koti. Tuliipandisha ile njia ya juu, ya kuelekea mashamba ya ngano, laptop ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki mgongoni kwangu. Tulianguka mara moja kwenye tope. Aliinua pikipiki, akaniambia panda.

Juu kabisa, giza likianza kuingia, simu ilishika mnara wa mbali. Nilipiga magoti kwenye majani, nikafungua laptop chini ya koti lake. Kumbukumbu za Monica zikaja. Mstari wa mwisho, kutoka Nangwa: kondo la nyuma limefunika mlango wa kizazi, ajifungulie hospitali kwa upasuaji, asipimwe kwa mkono. Walikuwa wameandika na tarehe ya kumpeleka. Ilikuwa wiki ijayo.

Nilipiga simu Katesh kuomba gari la wagonjwa, wakasema wanatoka sasa. Nikafunga laptop. Mzee Wolfgang alinipa chupa ya maji.

"Kunywa. Jua limezama."

Sikujua kama anafahamu habari za funga yangu.

Tuliporudi damu ilikuwa nyingi. Imakulata alikuwa amemlaza kwa ubavu, dripu mbili zinakwenda, ameshika kitambaa na haachi kumsemesha kwa Kidatoga. Sikujua kama anaongea Kidatoga. Nilimsomea mstari ule. Akaitikia kwa kichwa, basi. Gari lilichelewa kwa tope. Gidabuday alifika kabla ya gari, amelowa, akapanda na mke wake bila kuuliza kitu.

Leo asubuhi mtandao umerudi. Habari za kwanza zilizoingia: Monica amefanyiwa upasuaji, yu hai. Mtoto wa kiume. Alipumua mpaka alfajiri.

Imakulata aliniambia mwenyewe. Nililia mbele yake. Alisubiri nikamaliza.

"Hata tungejua saa tisa," alisema, "barabara ni ile ile."

"Lakini tungeita gari mapema."

"Kwa simu gani?"

Sijui kama alikuwa ananifariji au anasema ukweli tu. Nafikiri hata yeye hajui. Lakini ni mimi niliyemwambia Monica asijali kadi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Barabara ya kwenda Dongobesh haipitiki, sikwenda nyumbani. Mama alipiga simu, watoto wote wakapokezana kunisalimu, kisha ikakatika.

Mchana mzee Wolfgang aligonga mlango na sahani. Kuku. Nilisita, akaelewa.

"Nilimpeleka msikitini asubuhi," alisema. "Wamemchinja wao. Kula."

Nilimwomba akae tule pamoja. Akasema amekula, akaondoka. Kuku alikuwa na chumvi nyingi. Nilimmaliza wote.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemwambia Clement tunaacha JDBC kwenye zahanati. Nimemweleza kilichotokea, mwanzo mpaka mwisho.

Akasema: "Pole, Hadiya. Ulifanya vizuri kupanda kule juu."

"Sitaki mtu apande tena kule juu."

"Naelewa. Lakini usiamue kwa sababu ya uchungu. Nakala kila kituo, siri za akina mama ndani ya laptop zinazobebwa kwenye pikipiki. Na nesi wawili wakiandika vitu tofauti kuhusu mama mmoja, nani mkweli? Seva moja ina jibu moja."

Yote aliyosema ni kweli. Hilo ndilo linaloniumiza. Ningependa awe mjinga ili nimpuuze.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemtumia Clement mpango: databezi ndogo imefungwa kwa nywila, bila nywila haisomeki hata ikiibiwa, kila zahanati inabaki na akina mama wanaoihusu tu, seva ya Katesh inaongea na laptop kupitia huduma ya katikati. Ndani ya seva JDBC yake inabaki, huko hakuna mvua. Hajajibu.

Jumapili, 13 Aprili

Hajajibu.

Jumanne, 15 Aprili

Amejibu: "Nimeona. Tutaongea."

Jumanne, 22 Aprili

Tumeongea. Amepata kazi Dar es Salaam, kampuni kubwa, anaanza mwezi ujao. Ameshakubali tangu Machi. Alikuwa anatafuta namna ya kuniambia.

"Mtoto, Hadiya. Unajua hali ilivyo."

"Najua."

"Nimewaandikia wenye mradi, mkataba uhamie kwako wote. Kuhusu kiunganishi, amua wewe. Wewe upo huko. Mimi sijawahi kufika hata Katesh."

Nilikuwa nimesubiri aniruhusu, siku zote hizi. Niliposikia "amua wewe" nilihisi kama mtu aliyeegemea mlango na mlango ukafunguka. Nilimpongeza. Nilimwomba anisalimie mke wake. Baadaye nilikaa na laptop imezimwa mapajani, nikitazama picha ya mtoto wake aliyelala, mpaka simu ikazima kioo yenyewe.

Jumatano, 23 Aprili

Nimeanza.

Jumatano, 30 Aprili

Naandika programu, nalala, naandika. Mvua imepungua. Mahindi ya jirani yamefika kiunoni.

Imakulata ameniuliza nafanya nini siku zote hizi. Nilimweleza kama ninavyomweleza mama yangu: kwamba zamani mashine ilikuwa inakwenda kuuliza Katesh kila neno, na sasa nataka ijue yenyewe, kisha ikipata nafasi ndiyo iende ikaulize mapya. Alisikiliza huku anakunja mashuka.

"Kabla yako waliletwa wengine wawili," alisema. "Kila mmoja na mashine yake. Wakapiga picha na sisi, wakaenda. Nilisema huyu naye atakwenda."

"Nilikuona unanichukia, mama."

"Nilikuwa nakuhesabia siku." Alicheka kidogo. Ni mara ya kwanza. Kisha akasema nikitaka, Jumapili baada ya misa huwa anapika makande, na nyumba yake haina mtu.

Alhamisi, 8 Mei

Programu mpya iko Basotu na Nangwa. Leo imetokea kile alichosema Clement. Mama mmoja, Nangwa wameandika tarehe ya kujifungua na Basotu wameandika nyingine. Programu haikuchagua. Imeonyesha zote mbili, na nani kaandika, na lini.

"Kwa nini inaniuliza mimi?" Imakulata alisema, hajapenda.

"Kwa sababu mimi sijui, mama. Na seva haijui."

Alinitazama. Akampigia nesi wa Nangwa, wakaongea kirefu, wakakubaliana. Nilipomtumia Clement ujumbe kwamba alikuwa sahihi, alijibu na kidole gumba.

Jumatatu, 19 Mei

Mnara ulizimika tangu asubuhi mpaka jioni. Kliniki iliendelea. Hakuna aliyegundua isipokuwa mimi.

Jumanne, 27 Mei

Gidabuday amekuja zahanati, peke yake. Alisimama nje na fimbo yake mpaka akina mama wakaisha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ni yule uliyepanda mlimani na Wolfgang."

"Ndiyo, baba. Poleni sana." Nilitaka kusema mengine, kuhusu kadi. Nikaanza, "Baba, ni mimi niliyemwambia Monica..."

"Wifi yake alinieleza," alisema. Hakuniondolea macho. Akaendelea: "Nataka kuuliza. Ndani ya hiyo, Monica yupo?"

"Yupo."

"Na mtoto?"

Nilifungua. Mimba ilikuwepo, kliniki zote, utrasaundi. Kisha tarehe ya Machi, na baada ya hapo hakuna kitu. Siku ile hakuna aliyeweza kuandika, na baadaye hakuna aliyerudi nyuma. Kwa programu yangu, Monica alikuwa bado mjamzito.

Nikamwambia ukweli: hayupo.

"Alipumua," alisema Gidabuday. "Nilimshika. Mama yake alimwita Nikolausi."

Nilimwita Imakulata. Alivuta kiti, akaandika kwa kidole kile kimoja: tarehe, upasuaji, mtoto wa kiume, hai, na saa ya kufariki kama hospitali walivyomwambia. Pa jina akamuuliza baba namna ya kuandika. Gidabuday hajui kusoma. Aliinama hata hivyo, akaangalia kila herufi ikitokea.

"Sasa yupo wapi?" aliuliza.

"Yupo hapa. Mtandao ukitulia atafika Katesh, kisha Nangwa."

Aliitikia kwa kichwa. Akamwambia Imakulata kitu kwa Kidatoga, akaondoka.

Jumanne, 10 Juni

Nafungasha. Mvua imekwisha kabisa, mashamba yamekuwa ya njano. Kesho nahamia Gitting kufunga programu huko. Simjui mtu. Mzee Wolfgang amekagua begi langu akasema zipu mbovu, akaifunga kwa waya. Imakulata tuliagana Jumapili, juu ya makande. Alisema nikifika nimpigie, na alisema mara mbili.

Mchana nilikuwa napatana na dereva wa Noah nauli ya gari lake la kesho, pale njia panda, nikamwona Gidabuday anapitisha ng'ombe. Aliwaacha na mwenzake akaja tulipo. Tukasalimiana.

Akaniambia Monica alikwenda kwa mama yake Nangwa wiki iliyopita, na wakampeleka kliniki wakaangalie kidonda. Njia nzima alikuwa hasemi. Aliogopa nesi wa kule, ambaye mara ya mwisho alimwona na tumbo, atamuuliza mtoto yuko wapi, na yeye atalazimika kusimulia, kwa Kiswahili chake kile, mbele ya benchi zima.

"Nesi alifungua mashine," alisema Gidabuday. "Akasoma. Akainuka, akaja alipokaa Monica, akamshika mikono yote miwili. Akamwambia, pole, mama Nikolausi."

Aliwatazama ng'ombe wake.

"Hakumuuliza kitu kingine."